Mlango wa Béata

Jumapili, 8 Septemba 1968

Daftari hili lilikuwa la Béata, mtoto wangu. Kurasa mbili za mwanzo zimejaa herufi a, nyingine zimesimama wima, nyingine zimelala, maana aliandika akiwa kifudifudi karibu na moto. Kurasa hizo nimeziacha kama zilivyo. Mimi ninaanzia hapa. Masista walionisomesha walisema kuandika mambo ya siku kunapumzisha kichwa, na kichwa changu kimechoka.

Kesho mlima mzima wa Nyabiondo unapanda maharagwe. Mimi sipandi. Katika ukoo wa mume wangu, mama aliyefiwa na mtoto hatii mbegu ardhini kwa mkono wake mpaka kilio kiondolewe. Halali kitanda kimoja na mumewe. Mlango wa nyumba yake haufungwi, tunaegemeza mkeka tu. Na kila jioni anasimama mlangoni anamwita mtoto wake kwa wimbo alioutunga mwenyewe. Béata alikufa Oktoba iliyopita, akiwa na miaka saba. Yote hayo nimeyashika, ingawa wakati wa mvua mkeka unaoza na panya wanaingia wanavyotaka.

Mama Athanasie, mama mkwe wangu, amesema tutaondoa kilio baada ya mavuno haya. Evode, mume wangu, amekwenda kunoa jembe ambalo lilikuwa kali tayari.

Alhamisi, 12 Septemba

Mvua. Mama mkwe amepanda shamba langu, mimi nimepika.

Alhamisi, 19 Septemba

Niandike taratibu.

Leo nimeshuka soko la Kashebere na lori la Paul, yule mfanyabiashara anayechukua maharagwe yetu na kutuletea chumvi na mafuta ya mawese kutoka upande wa Walikale. Paul ana redio ndogo ya betri. Watu wakijaa sokoni anaitundika kwenye mlango wa lori na kuifungua mpaka mwisho, halafu anasimama pembeni na mikono kiunoni, utadhani yeye ndiye anayezungumza humo ndani.

Nilikuwa nimeinama juu ya beseni langu. Gitaa likaanza, gitaa la umeme, polepole, na ngoma chini yake ikigongwa kidogo tu. Vijana wakaanza kushangilia kwamba ni *slow*, ndio muziki wanaoupenda siku hizi wa kucheza wameshikana. Kisha mtu akaimba:

*Béata, mvua inakuja,*
*mulango iko wazi,*
*moto iko nawaka,*
*ingia, mama, ingia.*

Ni wimbo wangu. Ni maneno yangu, niliyoyatunga kwa kichwa changu kinachouma, na sauti ni ya Isidore, mdogo wangu wa mwisho, tumbo moja. Mwaka jana mamluki walipoteka Bukavu alikimbilia kwetu na gitaa ndani ya gunia la viazi. Alikuwa hapa Béata alipougua. Yeye ndiye aliyeshika mbele ya kipoyi, machela yetu ya miti, tulipombeba kwenda hospitali ya Kirotshe, na mtoto akatufia njiani kabla hatujaliona ziwa. Isidore akabaki nasi mpaka Desemba, kila jioni ananisikia nikiimba mlangoni. Nilidhani analia pamoja nami. Kumbe alikuwa anajifunza.

Mwisho wa wimbo hakuna mwisho. Anarudia *ingia, ingia*, na sauti inapungua inapungua kama ya mtu anayekwenda mbali, mpaka husikii tena. Halafu mtangazaji akasema, kwa furaha kabisa, kwamba hao ni Les Braises wa Bukavu, na kwamba barua za kuuomba wimbo huu zimejaa mezani.

Kijana mmoja kando yangu akasema, "Ule Béata iko na bahati. Mupenzi wake iko namulilia vile!"

Nikapakia beseni langu nikakaa ndani ya lori mpaka jioni.

Jumapili, 22 Septemba

Nilitaka kuficha. Nilijidanganya. Leo baada ya misa watoto wa shule wameshuka mlima wakiuimba, mistari yote, na Mama Athanasie alikuwa mbele yao na fimbo yake. Alisimama. Akawaacha wapite. Alipofika kwangu hakukaa.

"Nani alibapatia ile wimbo?"

"Isidore, Mama. Iko ndani ya redio."

"Na mwisho yake?"

"Hakuna mwisho, Mama. Aliondoka mbele ya mwisho."

Akaweka mkono kwenye mwimo wa mlango kama mtu anayeona kizunguzungu. Najua anachofikiri, maana alinifundisha mwenyewe. Wimbo wa kilio una ubeti wa kufunga. Mama anaubeba moyoni, hamwimbii yeyote. Siku ya kuondoa kilio anauimba mara moja, anafunga mlango, na wimbo wote unakwisha, hauimbwi tena milele. Sasa wangu umetoka nje ukiwa wazi.

"Sasa tutafunga nini?" akauliza. "Mutoto wetu iko naitwa kila pahali. Atalala wapi?"

Nimemchukia Isidore leo, nasema wazi.

Jumapili, 29 Septemba

Baba mdogo Mbonigaba, ndugu wa marehemu baba mkwe, ametujia na kofia yake ya Jumapili. Huyu hawezi kuingia nyumba bila kupima paa kwa macho kwanza. Alikunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akasifu maharagwe yalivyoota, kisha akaweka kikombe chini.

"Evode, mwanangu, niko nasema mbele ya bibi yako, sitaki kumusengenya. Kilio haiwezi kutoka wakati wimbo iko naimbwa. Kama mavuno inapita na kilio iko palepale, tutafanya nini? Wewe uko mwanaume bila mutoto, bila kitanda. Kule Walikale niko na bantu nawajua. Beko na binti mwenye heshima."

Evode alisema tu, "Tungoje mavuno, Papa."

Hakusema hapana. Nimelala na neno hilo likinichoma. Miaka kumi na moja ya ndoa ya kanisani, na nimesubiri hapana moja tu. Kwa hiyo mambo ni haya: kama kilio hakitaondolewa msimu huu, Evode atakuwa na nyumba nyingine Walikale, na mimi nitabaki hapa na mlango wazi mpaka nizeeke.

Alhamisi, 3 Oktoba

Palizi. Hilo ninaruhusiwa.

Jumatatu, 14 Oktoba

Leo mwaka umetimia. Misa asubuhi. Evode alikuja mpaka mlangoni jioni, akasimama upande wa nje wa mkeka nilipokuwa naimba. Nimefika neno *ingia* nikakwama, maana nililisikia gitaa la Isidore kichwani. Hata wimbo wangu mwenyewe siuwezi tena bila yeye kunipigia.

Alhamisi, 24 Oktoba

Kashebere tena, maana chumvi imekwisha nyumbani. Njia imeharibika, lori lilikwama mara mbili na tukasukuma.

Kulikuwa na arusi. Mwenye baa amenunua fono na diski, na wimbo unaimbwa, ukiisha anaweka tena. Maharusi walicheza kifua kwa kifua. Bibi arusi alikuwa amefumba macho, amemwegemea mumewe. Mbele yao, kwenye hiyo diski, mimi namwita mtoto aliyefukiwa. Nilitaka kuingia nikapindue meza. Sikuweza, kwa sababu yule binti alikuwa mzuri na alikuwa na furaha, na si yeye aliyeiba.

Nikatoka nje. Chini ya ukuta wa baa kulikuwa na mama anayeuza mafuta, ameketi mgongo ukutani, kichwa amekiinamisha upande wa sauti. Machozi yanamtoka na hayafuti. Sikumsalimia. Nilidhani amelewa.

Jumapili, 10 Novemba

Mvua siku zote. Kipande cha mlima kimeshuka barabarani juu ya Masisi. Paul amefika kwa mguu, amenionyesha ganda la diski, lenye picha. Isidore yuko katikati ya wenzake, amevaa miwani myeusi kama kipofu, suruali imembana hata nashangaa anakaaje. Chini wameandika *Ingia Béata*.

"Kinshasa nzima iko naimba," Paul akasema. "Banasema ndege itabachukua pale Goma tarehe kumi ya mwezi wa kwanza, beende kupiga mbele ya bantu elfu na elfu. Mama Emérence, hii njo ndugu yako? Uko na bahati!"

Huyo ni wa pili kutaja bahati mbele yangu. Nimemtazama mdogo wangu pale kwenye ganda. Kidevuni ana kovu. Aliangukia mwiko wa moto akiwa na miaka minne, mimi ndiye niliyekuwa nimemshika, na hata leo nikiliona kovu hilo chuki yangu inalegea. Nimemrudishia Paul ganda lake haraka.

Alhamisi, 28 Novemba

Leo nitaandika mengi, sijali mafuta ya taa.

Yule mama wa ukutani anaitwa Marie. Mvua ilituweka chini ya kibanda kimoja sokoni Kashebere, yeye na mafuta yake, mimi na maharagwe yangu. Paul akafungua redio, wimbo ukaja, na Marie akaacha kupima katikati ya chupa. Mteja alinung'unika. Marie akamwambia angoje au aende. Wimbo ulipopotea, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akamalizia chupa.

Nikamwuliza, nikiwa na ukali fulani, kama naye anampenda huyo kijana wa miwani.

"Dada, bantu banasema ni wimbo ya mupenzi," akanijibu. "Ni bongo, banajidanganya. Mwanaume hawezi kuita bibi yake vile. Atamwita juu ya moto? Juu ya mvua? Hii njo mama anaita mutoto. Na ule mutoto hatakuya."

Akaendelea mwenyewe. Alikuwa na wana wawili, Michel na Théophile, upande wa Walikale, wakati wa vita vya mwaka wa sitini na nne. Waliondoka asubuhi kutafuta chumvi. Hakuna aliyemletea hata shati. Hakuzika. Bila kaburi watu wa kwake hawakukaa kilio, na kwa sababu hawakukaa hawakuondoa.

"Miaka ine sikulia," akasema. "Ningelilia nini, mulango? Hii redio njo ilikuya kunifundisha. Na mimi sasa naita banangu: Michel, ingia. Théophile, ingia. Lakini inaishia pale, inakwenda, inakwenda, haifiki. Kila soko niko nangoja labda leo itafika."

Nikamwambia. Sijui kwa nini, sikupanga. Nikasema, mimi ndiye mama wa Béata.

Hakupiga kelele. Aliweka funeli chini, akanishika viganja vyote viwili na mikono yake yenye mafuta, akaniuliza swali moja: "Na mwisho yake iko?"

"Iko."

"Asante, Mungu," akasema.

Nimerudi nyumbani nikifikiri kwamba nimekuwa nikikasirika kama mtu pekee aliyefiwa duniani. Nina aibu kidogo. Lakini mlango wangu bado uko wazi, na Walikale bado kuna binti mwenye heshima.

Jumapili, 1 Desemba

Nimemweleza Mama Athanasie habari za Marie. Alisikiliza huku akichambua majani ya sombe. Kisha akatoa uamuzi wake, na Mbonigaba alikuwepo, amesikia. Aliyeutoa wimbo nje lazima aurudishe. Isidore afike mbele ya mlango huu kwa miguu yake, tuuanze naye, mimi nimalizie. Asipokuja, kilio hakiondolewi. Siku itakuwa Jumamosi tarehe kumi na moja Januari, maana maharagwe yatakuwa yameingia.

Tarehe kumi ndege ya Kinshasa. Hakuna aliyeitaja, lakini wote tunaijua.

Evode ndiye aliyepata njia. Redio ya Bukavu husoma matangazo ya jamaa: nani amefiwa, nani arudi nyumbani. Paul akipita atafikisha maneno yetu. Nimeandika: *Isidore wa Les Braises anaitwa na dada yake Emérence, Nyabiondo, tarehe 11 Januari. Tunaondoa kilio cha mtoto wetu Béata.*

Evode alisoma juu ya bega langu. Ni mara ya kwanza tangu mwaka jana amekuwa karibu hivyo. Nikamwuliza, "Yule binti wa Walikale, umemwona?"

"Sijamuona."

"Unataka kumuona?"

"Niko nataka hii tangazo ifike," akasema.

Bado si hapana. Lakini nimeipokea.

Alhamisi, 12 Desemba

Sokoni. Tumelisikia tangazo. Mtangazaji alilisoma kwa sauti ileile ya kusoma ng'ombe aliyepotea, na hapohapo, bila kupumua, akaweka wimbo. Sidhani alikusudia. Soko lilikuwa na kelele, likanyamaza kuanzia kwenye lori mpaka kwa wauza samaki. Vijana waliokuwa wamekwisha shikana wakaachana mikono. Mwenye baa akavua kofia.

Nilifunika uso kwa kitenge changu. Nilihisi wananitazama, na kweli walikuwa wananitazama. Kisha mwanamke nisiyemjua akaja akaniwekea ndizi mbili kwenye beseni, akaondoka bila neno.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Padri amemwombea Béata kwa jina. Isidore hajaleta habari.

Alhamisi, 2 Januari 1969

Tumeng'oa maharagwe kwa siku tatu, kati ya mvua na mvua. Tumeyatandaza ndani ya nyumba yasiote. Mvua ya mwaka huu haina adabu, inakuja jua likiwaka. Mbonigaba amekuja kupura nasi bila kuitwa, akapiga fimbo kuliko vijana. Nilimwona amesimama kwa kitambo mbele ya kiti kidogo cha Béata, amekigeuza, amekifuta vumbi kwa kofia yake ya Jumapili. Mimi nilikuwa nimemweka kwenye hesabu ya adui. Ni mzee anayeogopa nyumba ya kaka yake isizimike, basi.

Jumatano, 8 Januari

Daraja limekwenda na maji. Magari yanaishia Masisi. Hakuna habari.

Ijumaa, 10 Januari

Ndege ya Goma imeondoka leo, kama Paul alisema kweli. Asubuhi nzima nilitazama juu kama mjinga, hata ndege haipiti huku.

Wanawake wameanza kufika. Marie wa kwanza, ametembea tangu juzi, ana galoni la mafuta kichwani. Nyuma yake wengine wa Kashebere, na kutoka ng'ambo, Walikale kwenyewe, na wa vilima vya huku tunaojuana nao. Wanaleta unga, ndizi, kuni. Wanasema wamesikia redioni. Wanasema wamekuja kusikia mwisho. Mama Athanasie amewaweka kwenye nyumba za majirani, anaonekana amechanganyikiwa, anauliza kila mmoja jina la ukoo wake.

Mbonigaba akanivuta kando. "Na kama ndugu yako hakuye, tutabaambia nini hawa bamama?"

Nikasema sijui. Na kweli sikujua.

Alasiri mvua ilipokatika, mtu akaonekana akipanda njia ya bonde. Matope mpaka mapajani, viatu vimefungwa kamba shingoni, gunia la viazi mgongoni. Nilijua gunia kabla ya kumjua mtu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia tangu Septemba, maneno makali, yaliyonolewa vizuri. Nilimkimbilia nikampiga kifuani kwa ngumi zote mbili, halafu nikamshika shingo, na hakuna neno hata moja lililotoka.

"Ndege?" nikamwuliza baadaye, akiwa anaosha miguu.

"Imeenda nabo. Balipata mwimbaji mwingine."

"Na wewe?"

"Mimi niliitwa huku, dada."

Kisha, huku akitazama maji machafu kwenye karai, alinieleza. Kule waliporekodi, fundi wa mashine alimwuliza wimbo unaisha vipi. Akasema hajui, hajawahi kuusikia mwisho. Fundi akasema basi endelea kuimba, mimi nitapunguza sauti.

"Unafikiri niliiba," akasema. "Pengine niliiba. Lakini toka ile siku ya njia ya Kirotshe, mikono yangu iko nasikia uzito ya kipoyi. Nikiimba njo inapungua. Sikuona dawa ingine."

Nilikuwa sijafikiri hata siku moja kwamba Béata alikuwa mzito kwa mtu mwingine pia. Nimemmiminia maji mengine ya moto.

Jumamosi, 11 Januari

Asubuhi walininyoa kichwa. Wanawake wa ukoo walinipeleka mtoni, maji yalikuwa ya baridi ya kukata pumzi, wakaniosha kama ninavyokumbuka nilivyomwosha mtoto wangu. Mama Athanasie alinisugua mgongo mwenyewe. Aliniambia, akiwa nyuma yangu nisimwone uso, kwamba naye aliwahi kufunga mlango mara mbili, kabla na baada ya Evode. Miaka kumi na moja niko kwake, sikujua.

Tuliporudi, uwanja ulikuwa umejaa mpaka kwenye migomba. Mvua ilikuwa inakusanyika upande wa Walikale, haijaanguka. Niliingia ndani pamoja na Evode, tukasimama kwenye kizingiti. Mkeka walikuwa wameutoa na kuuchoma. Mlango wenyewe Evode alikuwa ameupachika upya, umenyooka, bawaba amezipaka mafuta ya Marie.

Isidore akakaa nje juu ya kinu kilichogeuzwa, gitaa la mbao tupu, hakuna umeme huku. Akaanza. Mara nikaimba naye, *mvua inakuja, mulango iko wazi*. Hakuna aliyecheza. Alipofika *ingia, ingia*, mahali ambapo kwenye redio sauti huanza kupotea, akalaza kiganja juu ya nyuzi zote. Wanawake wote walikuwa wananitazama mdomoni.

Nilishika mlango. Ubeti huu niliubeba mwaka na miezi mitatu, na nilidhani nitaanguka nikiutoa. Sikuanguka.

*Béata, mvua imeisha,*
*wewe umefika kwako.*
*Niko nafunga mulango, mama,*
*lala, na mimi nilale.*

Nikafunga. Mbao ziligusana, nikasikia komeo likiingia. Ndani kukawa giza, na harufu ya maharagwe mapya, na Evode akanishika, akalia kwa sauti, mwanaume huyo ambaye mwaka mzima alinoa jembe. "Hapana," akasema sikioni mwangu, "hakuna nyumba ingine. Hapana." Hatimaye.

Desturi ni kwamba mtu wa nje aniite, "Emérence, toka tule," nami nitoke nikiwa mtu wa kawaida. Tulingoja kuitwa. Badala yake nikasikia sauti moja nje, nyembamba, imepasuka kidogo:

*Michel, mvua imeisha,*
*wewe umefika kwako.*

Ilikuwa Marie. Kisha Théophile. Kisha mwingine akadaka, jina nisilolijua, na mwingine, na mwingine, kila mmoja na la kwake, wengine majina mawili, mmoja alitaja majina mpaka pumzi ikamwishia na jirani yake akamsaidia. Nilikuwa nimebana paji la uso kwenye mlango. Nilisikia Mbonigaba akisema kwa hofu, "Wimbo imefungwa! Hairuhusiwe kuimbwa tena!" Na Mama Athanasie akamjibu, sauti ya juu kuliko zote:

"Acha, Mbonigaba. Ya Emérence imekwisha. Hii iko yabo."

Mvua ilipoanguka hakuna aliyekimbilia ndani. Baada ya muda mrefu mama mkwe akagonga mlango kwa fimbo yake. "Emérence, toka tule."

Nikatoka, tukala.

Jumapili, 12 Januari

Baada ya misa Isidore aliniomba jambo moja. Waandishi wa barua wanaulizia mwisho. Fundi yuko tayari, wataongeza ubeti, diski itakuwa kamili. Hata wale walioko Kinshasa watamrudisha.

Nilimjibu hapana. Nilimweleza kwa upole, maana najua anachokipoteza. "Diski ukiiweka tena inaanza upya. Mulango hauwezi kufungwa asubuhi, ufunguliwe, ufungwe tena jioni juu ya mutu amelipa biya. Acha yako ibaki wazi. Mwenye kufiwa atafunga kwa mudomo yake mwenyewe."

Akatabasamu, na kovu la kidevuni likajikunja. "Dada, uko mugumu."

"Njo vile nilikulea," nikamwambia.

Jumatatu, 17 Februari

Nimepanda. Mbegu tatu kila shimo, udongo juu kwa kisigino. Mgongo unaniuma kwa namna niliyokuwa nimeisahau. Béata alikuwa akinifuata nyuma na kikopo cha mbegu, akitia mbili shimoni na kula moja. Nimelia kidogo kwenye mstari wa pili, nikaendelea na wa tatu.

Alhamisi, 20 Februari

Soko la Kashebere. Daraja jipya la magogo linapitika. Kurasa za daftari hili zimebaki chache, nami sina hakika kama nitanunua lingine.

Paul alitundika redio yake mlangoni mwa lori, na wimbo ukaja, Isidore na gitaa lake la umeme. Vijana wawili walishikana wakacheza, na sikuwachukia. *Ingia, ingia*, sauti ikaanza kupungua kama kawaida. Mtangazaji akafungua mdomo atangaze kingine.

Marie akaudaka kabla yake. Kutoka kwenye mafuta, kutoka kwenye samaki, kutoka kwa wanawake wenye mizigo waliokuwa wanapita tu, ubeti wa mwisho ukapanda juu ya soko, na katika nafasi ya jina kila mmoja akaweka lake. Paul alizima redio ili wasikike.

Mimi sikuimba. Wangu umefungwa. Nilisimama na beseni langu nikausikiliza mpaka mwisho, kama mtu mwingine yeyote wa Kashebere, na ulipofika mwisho nikamwuliza mteja wangu anataka vipimo vingapi.